Mpaka wa Jiji Umepita Shambani Kwako: Shamba ni la Nani Sasa?

(Maneno haya niliyasema mbele ya wenye ardhi wa pembezoni mwa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nimeyaandika baadaye kwa kutumia karatasi zangu na kumbukumbu, bila vicheko na bila ile mvua iliyopiga mabati mpaka tukanyamaza robo saa.)

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa dini, wazee wa koo, mama zetu, vijana, itifaki izingatiwe. Mi ngoni?

Naomba ruhusa niseme Kiswahili. Humu ndani kuna Walugbara, Wanubi, Wakakwa, Waaluri, na naona pia wafanyabiashara waliovuka mpaka kutoka Ariwara, Kongo. Nikisema Kilugbara nitawaacha nusu, nikisema Kiingereza nitawaacha wengi zaidi, nao hasa ndio wanaohusika. Hati za ardhi zimeandikwa kwa Kiingereza. Ugomvi wa ardhi huja kwa kila lugha.

Tarehe 1 Julai 2020 Arua iliitwa jiji, pamoja na Gulu, Mbale, Jinja, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Wengi wenu mlilala kijijini usiku wa tarehe 30 Juni mkaamka jijini, na jogoo aliyewika ni yule yule. Mpaka ulisogezwa, vijiji vya Ayivu vikaingizwa ndani pamoja na mihogo yake, makaburi yake na miembe yake. Hakuna aliyehama. Jiji ndilo lililowahamia ninyi.

Miezi michache baadaye mama mmoja alinijia ofisini. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, udongo bado uko miguuni. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa nikitaka kupanda mihogo, niende kwanza kuomba ruhusa kwa meya?" Karani wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile swali lina maswali mawili ndani yake, na mawakili kadhaa ninaowafahamu huyachanganya. La kwanza: shamba ni la nani? La pili: ni nani mwenye sauti juu ya kinachofanyika shambani? Leo nataka tuyaweke katika vikapu viwili tofauti, maana wanaopora ardhi ya watu hupita pale ambapo vikapu hivyo vimemwagwa pamoja.

Tuanze na kikapu cha kwanza, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, nao wanaimiliki kwa njia nne: kimila, umiliki huru, mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi, hasa Buganda) na ukodishaji. Isomeni yote, isomeni mara mbili. Hamtakuta neno linalosema "isipokuwa mjini". Sheria ya Serikali za Mitaa nayo inataja sifa za mahali panapoweza kuwa mji: watu zaidi ya 25,000 kwa mji mdogo, zaidi ya 100,000 kwa manispaa, zaidi ya 500,000 kwa jiji, pawe na uwezo wa kulipia huduma, pawe na mpango mkuu wa matumizi ya ardhi, pawe na maji. (Kama sifa hizo zilipimwa kwa mizani au kwa macho tu, hilo ni la siku nyingine.) Katika sifa hizo hakuna inayotaka baraza liwe linamiliki ardhi, na hakuna inayolipatia baraza ardhi hiyo. Tangazo la jiji halihamishi hata futi moja kutoka mkononi mwako. Shamba la kimila lililokuwa la ukoo jana, leo ni shamba la kimila la ukoo lililo ndani ya jiji.

Basi kwa nini watu wana hofu? Wazee, hofu yenu haikutoka hewani. Ina historia, na aliyeishi historia hiyo haponyeshwi kwa kusomewa ibara.

Sheria ya Ardhi ya Umma ya 1969 ilimruhusu mtu wa kimila kukaa kwenye ardhi ya umma bila hati, ila iliweka sharti: isiwe katika eneo la mji. Maana yake mpaka wa mji ukisogea, kile kivuli ulichokaa chini yake kinakatwa. Mwaka 1975 likaja Agizo la Mageuzi ya Ardhi la Idi Amin, ardhi yote ikawa ya umma, na wenye mailo na umiliki huru wakageuzwa kuwa wapangaji wa serikali: miaka 99 kwa mtu binafsi, 199 kwa taasisi za dini na za hisani. Kwa muda wa miaka 20, mzee aliyesikia neno "mji" likikaribia alikuwa na haki ya kufunga virago. Katiba ya 1995 ndiyo iliyogeuza jambo hilo. Sheria imegeuka, lakini akili za watu hazijageuka, na akili za baadhi ya maofisa nazo hazijageuka. Bado utamsikia mtu mwenye tai akisema, "Hapa sasa ni mjini, umiliki wa kimila umekwisha." Anasoma sheria iliyokufa. Mwombeni awaonyeshe kifungu.

Sasa nitawatoa nje ya Uganda kidogo, mnivumilie. Nina kisa cha Marekani ambacho ni kinyume kabisa cha chetu, na mimi hujifunza kitu haraka zaidi nikikitazama kwa upande wa nyuma.

Katika jimbo la Oregon, mwaka 1981, wafuasi wa mwalimu wa kiroho kutoka India aliyeitwa Bhagwan Shree Rajneesh walinunua ranchi kubwa, Big Muddy Ranch, ya ekari zipatazo 64,000, kwa dola milioni 5.75. Ardhi kavu ya malisho, vilima na mawe. Waliinunua kihalali, kwa fedha, mnunuzi na muuzaji wakakubaliana. Kikapu cha kwanza hakikuwa na shida hata kidogo: ranchi ilikuwa yao.

Shida ilikuwa kikapu cha pili. Tangu 1973 Oregon ina sheria kali ya kulinda mashamba yasiliwe na miji. Eneo lile lilitengwa kwa kilimo, kwa hiyo nyumba zilizoruhusiwa zilikuwa za kuhesabu, na wao walitaka kuweka maelfu ya watu, viwanda vidogo, maduka, hata uwanja wa ndege. Wakawaza: kama ranchi haiwezi kupewa vibali vya mji, basi ranchi yenyewe iwe mji, ijipe vibali. Sheria ya huko ilitaka wakazi 150 tu. Wakapeleka ombi kwa baraza la kaunti ya Wasco, likakubaliwa, na Mei 1982 wakazi wa ranchi wakapiga kura. Kura ya watu walioishi pale, wakafanya kazi pale, wakala pale, kwenye ardhi ya mwenye nyumba mmoja. Mnaweza kukisia matokeo. Mji ukaitwa Rajneeshpuram.

Hapo ndipo kesi zilipoanza. Ziliingia kwa milango miwili, nami nawaomba muiangalie kila mlango peke yake.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na shirika la raia liitwalo 1000 Friends of Oregon. Wao hawakuuliza habari za dini. Waliuliza: je, kaunti inaweza kuruhusu mji uote katikati ya ardhi ya kilimo bila kuupima kwanza kwa malengo ya mpango wa ardhi wa jimbo? Kesi hiyo ilipanda na kushuka mahakamani kwa miaka. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Oregon ilisema kwamba hata kuanzishwa kwa mji ni uamuzi wa matumizi ya ardhi, kwa hiyo lazima upimwe. Mwaka 1987 ikatoa uamuzi mwingine ulioupa mji ushindi upande huo. Kufikia hapo ranchi ilikuwa tupu. Bhagwan alikuwa ameondoka Marekani tangu Novemba 1985, na waumini wake walikuwa wametawanyika. Walishinda kesi ya mji usio na watu. Wenzangu wa sheria, mkiona mteja anafurahia kuvuta kesi, mkumbusheni hilo.

Mlango wa pili ndio unaonisisimua zaidi. Oktoba 1983 mwanasheria mkuu wa Oregon, David Frohnmayer, alitoa maoni ya kisheria kwamba mji ule hauwezi kupewa fedha wala mamlaka ya umma, kwa sababu Katiba ya Marekani inakataza serikali kushikamana na dini. Jaji wa mahakama ya shirikisho, Helen Frye, akakubaliana na hoja hiyo mwisho wa 1985. Hoja haikuwa kwamba waumini hawaruhusiwi kuwa na mji wao. Kuna miji mingi duniani ambayo karibu kila mtu ni wa dini moja, na hakuna kosa. Hoja ilikuwa ardhi. Karibu kila kitu ndani ya mpaka wa mji kilikuwa mikononi mwa taasisi za dini hiyo. Mkazi alikaa pale kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Sasa mkazi huyo huyo ndiye mpiga kura, ndiye diwani, ndiye polisi. Atampinga vipi mwenye ardhi barazani asubuhi, wakati jioni anarudi kulala kwenye nyumba ya mwenye ardhi? Vikapu viwili vilikuwa vimeshonwa kuwa kimoja. Mwenye shamba amekuwa serikali.

Kando ya ranchi kulikuwa na mji mdogo sana, Antelope, wenye watu kama arobaini. Wageni wakanunua nyumba humo, wakawazidi wenyeji kwa kura. Aprili 1982 wenyeji walijaribu kuuvunja mji wao wenyewe kwa kura, afadhali usiwepo kuliko uchukuliwe, wakashindwa. Mwaka 1984 jina likabadilishwa kuwa Rajneesh. Novemba 1985 jina la zamani likarudishwa, tena kwa kura. Mambo ya jinai yaliyofanywa na baadhi ya viongozi wa kundi lile, sumu na mengineyo, mtayasoma wenyewe mkipenda. Hayanihusu leo, ingawa najua vijana wangependa niendelee.

Wala msidhani hayo yaliisha na miaka ya themanini. Mei 2025, huko Texas, wakazi wa eneo la kurushia roketi za kampuni ya SpaceX walipiga kura eneo lao liwe mji, Starbase: 212 walisema ndiyo, 6 wakasema hapana. Wapiga kura wengi walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo au jamaa zao. Tayari watu wa jirani wanazozana kuhusu nani anafunga barabara na ufuo.

Turudi nyumbani. Kule Oregon mwenye ardhi alitaka kuwa serikali. Hapa kwetu hofu ni kwamba serikali inataka kuwa mwenye ardhi. Ugonjwa ni mmoja, homa inapanda kutoka upande mwingine.

Na tofauti nyingine mniruhusu niiseme polepole. Kule watu waliulizwa, hata kama kura yenyewe ilikuwa na kasoro. Hapa je? Ibara ya 179 ya Katiba yetu inazungumzia kubadili mipaka na kuunda vitengo vya utawala. Inasema hatua hiyo lazima itokane na haja ya utawala bora na kusogeza huduma karibu na watu. Halafu inasema *inaweza* kuzingatia njia za mawasiliano, sura ya nchi, wingi wa watu, uwezo wa kiuchumi na matakwa ya watu wahusika. Inaweza. Neno moja, na ndani yake mmekaa ninyi nyote. Matakwa yenu yamewekwa safu moja na milima na mito: vikionekana, vitazamwe. Kwa maoni yangu hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote katika jambo hili, na madiwani mnaowatuma wanapaswa kulisemea kabla hawajasemea posho.

Msidhani pia kwamba Arua ndiyo ya kwanza kumezwa. Kampala ya zamani ilikuwa miji miwili iliyotazamana. Upande mmoja Nakasero, ardhi ya serikali ya kikoloni, iliyopimwa na kupangwa. Upande wa pili Kibuga, mji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, juu ya ardhi ya mailo iliyogawanywa kwa Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa na Mengo ikaingizwa ndani. Mailo haikufa. Mpaka leo, katikati ya jiji kuu, kuna mwenye mailo na kuna mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye ardhi ya mwenye mailo, na sheria inamlinda mwenye kibanja asifukuzwe hivi hivi. Mwenye jamaa Kampala anajua kwamba jiji linaweza kuishi juu ya ardhi ya watu kwa zaidi ya nusu karne. Linaishi kwa kelele, nakubali. Linaishi.

Basi nini kinabadilika? Hapa nirudi kwa yule mama wa mihogo, maana nilimjibu nusu tu siku ile.

Mihogo yake apande. Akitaka kujenga nyumba, hata kwenye ardhi aliyozaliwa, anahitaji ramani iliyopitishwa. Ibara ya 242 inaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi (Physical Planning Act) ya 2010 imeifanya Uganda nzima kuwa eneo la kupangwa. Kwa hiyo hata kijiji cha ndani kabisa kina sheria hiyo. Tofauti ni kwamba jijini kuna ofisa mwenye rangi nyekundu na brashi. Mkiona alama ya X ukutani, ujue swali ni la kikapu cha pili: ulijenga bila kibali, au ndani ya hifadhi ya barabara. X haisemi kwamba ardhi si yako. Usimwache mtu aisome hivyo.

Kodi ya majengo: mtu anayekaa mwenyewe kwenye nyumba yake ya kuishi alisamehewa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2006. Ukipangisha vyumba, ukiweka duka, hapo utalipa. Mama mwenye nyumba yake ya matofali anakolala na wajukuu zake hadaiwi kodi hiyo, na akija mtu na daftari la risiti, mwambieni mama aulize jina lake na la ofisi yake kabla hajafungua kibweta.

Na barabara. Jiji litataka barabara, hilo hamlikwepi, na wengi wenu mnazitaka kuliko mimi. Serikali ina uwezo wa kuchukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma. Lakini ibara ya 26 inasema fidia iwe ya haki na ya kutosha, na ilipwe *kabla* ardhi haijachukuliwa. Kuna kesi ya kuikumbuka kwa jina: Irumba. Ardhi ilichukuliwa kwa ajili ya barabara ya Hoima, Kaiso, Tonya, huko kwenye mafuta, kabla wenyewe hawajalipwa. Wakaenda mahakamani dhidi ya mamlaka ya barabara ya taifa. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikasema kile kifungu cha 7 cha Sheria ya Utwaaji Ardhi, kilichoruhusu kuchukua kwanza na kulipa baadaye, kinapingana na Katiba. Mwaka 2017 serikali ikaleta mswada wa kubadili ibara ya 26 ili iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na kazi. Watu wakapiga kelele nchi nzima, na mswada haukupita. Kwa hiyo hukumu ile inasimama mpaka asubuhi hii.

Ndiyo maana zikaja fomu. Zitazameni vizuri fomu hizi, kwa sababu fidia ikiwa ngumu, hiari huwa rahisi. Kijana anakuja na karatasi, anasema, "Mzee, ni ya barabara, weka dole gumba hapa." Kilichoandikwa ni kwamba umetoa ardhi kwa ridhaa yako bila kudai chochote. Wengine wametoa kwa moyo, na barabara ikaja, na wanafurahi. Sisemi kutoa ni kosa. Nimeona pia fomu yenye dole gumba la mtu aliyekuwa amekwisha kuzikwa. Ofisi iliyoipokea siitaji. Nilipouliza, waliniambia labda familia ilimsaidia kutia sahihi.

Mtu asitie dole kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa lugha anayoielewa mbele ya watu wa nyumbani mwake. Ardhi ya familia inahitaji ridhaa ya mke au mume, hilo limo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1998, na ardhi ya ukoo inahitaji ukoo. Wenye nia ya kuchukua cheti cha umiliki wa kimila, anzeni sasa kwa kamati ya ardhi ya eneo lenu, wakati mpaka wa shamba bado unajulikana kwa majirani na wazee wangali hai wa kuuonyesha kwa mguu. Ukingoja mpaka mpimaji wa jiji aje na mawe yake, utakuwa unabishana na jiwe.

Mwisho wa mkutano mzee mmoja, mwenye fimbo, aliinuka akauliza: kaburi la baba yake liko mahali ambapo ramani mpya inaonyesha soko. Je, kaburi ni la nani? Ukumbi ulinyamaza, na mvua nayo ilikuwa imekwisha.

Nilimwambia kaburi ni lake na la ukoo wake, kama lilivyokuwa. Nikamwambia pia kwamba ule mstari wa soko bado ni rasimu. Rasimu sharti iwekwe hadharani, na mtu ana haki ya kuandika pingamizi kabla haijapitishwa. Ikishapitishwa, tutakuwa tunadai fidia tu. Akauliza pingamizi linaandikwaje. Tukakubaliana kwenda ofisi ya mipango siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, yeye, mjukuu wake anayejua kuandika, na wengine kumi na saba waliotoa majina yao pale pale. Niliwaomba kila mmoja abebe nakala ya kitambulisho na kalamu yake mwenyewe.